USIMNYANYUE KAMA GUNIA LA MKAA!

Ugwe wa mgongo ni mwembamba kuliko unavyodhani, na ukishakatika hakuna fundi wa kuurudisha

Leo naomba tuweke pembeni kidogo stori za mapenzi na za nani kaonekana na nani ukumbini. Nina jambo limenikaa kooni, na nisipolitema sitalala.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mvua imetoka kunyesha, lami inateleza kama imepakwa sabuni. Pale kwenye kona ya karibu na kijiwe chetu, bodaboda ilimkwepa mtoto aliyekuwa anavuka barabara. Pikipiki ikalala, dereva akaenda upande wake, abiria akarushwa mpaka kwenye ukingo wa mtaro. Abiria mwenyewe alikuwa mshikaji wetu wa siku zote, mtu wa utani mwingi, anayedai tangu azaliwe hajawahi kununua vocha kwa pesa yake.

Si unatujua wabongo kwa huruma? Dakika haijaisha, watu wameshajaa. Huyu anapiga kelele, "Mpeni hewa!" Yule anasema, "Mwagieni maji!" Mama mmoja kashafungua soda ili mgonjwa anyweshwe. Simu ya mgonjwa nayo kufikia hapo ilishapata mwenyewe mwingine. Jamaa mmoja mwenye sauti akatoa amri, "Mkalisheni tumwone!" Akakalishwa, shingo inaangukia mbele kama ya mtu aliyesinzia kwenye daladala. Bajaji ikasogezwa. Tukamnyanyua, wawili kwapani na wawili miguuni, tukamkunja ili aenee kiti cha nyuma. Safari ikaanza, shimo baada ya tuta, tuta baada ya shimo.

Mmoja wa wale wawili walioshika miguu ni mimi.

Njiani akaniuliza, sauti yake ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mbona umeniachia miguu?" Nilikuwa sijamwachia. Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili, tena kwa nguvu.

Tangu siku hiyo hajasimama. Kinachonisumbua ni kwamba kabla hatujamgusa nilimwona pale chini akivuta goti. Au nafikiri nilimwona. Nilipomuuliza daktari alinitazama kwanza, halafu akaniambia kwamba inawezekana ugwe wake uliharibika palepale alipodondoka. Inawezekana pia ulivunjika mfupa tu, kazi iliyobaki tukaimaliza sisi. Hakuna wa kusema kwa hakika. "Ila siku nyingine," akaniambia, "msimkalishe mtu."

Basi mimi niliyeishia kidato cha nne, tena na D ya baiolojia, nikarudi kwenye vitabu. Niliyoyakuta huko ndiyo haya.

UTI NI KITU KIMOJA, UGWE NI KINGINE

Sisi tukisema "uti wa mgongo" tunachanganya vitu viwili kwenye kapu moja. Uti wenyewe ni mifupa, ile unayoigusa ukipitisha mkono mgongoni. Ndani ya mifupa hiyo kuna tundu refu kama bomba, na ndani ya bomba imelala kamba laini, nyeupe. Hiyo ndiyo ugwe wa mgongo. Wazee wanaojua Kiswahili wanakwambia ugwe maana yake ni kamba nyembamba, basi jina limekaa mahali pake.

Kama umewahi kula supu ya mgongo wa mbuzi umeshauona. Ile nyeupe laini inayojificha katikati ya mfupa, unayoivuta kwa mdomo ukidhani ni mafuta au uboho, ndiyo ugwe wa yule mbuzi. Na wewe unao wa namna hiyo hiyo.

Tuje kwenye vipimo. Kwa mtu mzima ugwe una urefu wa kama sentimita 45 kwa mwanaume, na kama 43 kwa mwanamke. Unene wake ni sentimita moja hivi, yaani unakaribia kidole chako kidogo cha mwisho. Uzito ni gramu 35 hivi. Hebu fikiria, wewe na kilo zako 70, gwaride lako lote la mjini, kucheza kwako muziki na mapozi yako mbele ya kioo, vyote vinapitia kwenye kitu cha gramu 35!

Kwa kuwa ni kitu cha thamani, kimewekewa ulinzi. Nje kabisa kuna mifupa. Unapozaliwa una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua zinazobeba mbavu, tano za kiuno, tano za nyonga na nne za kifandugu. Ukikua, zile za nyonga zinaungana kuwa mfupa mmoja na za kifandugu nazo zinashikana, kwa hiyo zinazobaki huru kupinda na kugeuka ni 24. Cha kuchekesha ni kwamba twiga naye, na urefu wake wote wa shingo, ana pingili saba za shingo kama wewe. Tofauti ni kwamba za kwake zimerefuka.

Chini ya mifupa kuna tando tatu. Ya nje ni ngumu, ya kati ni nyepesi mfano wa utando wa buibui, na ya ndani imeganda kwenye ugwe wenyewe. Kati ya hizo mbili za ndani kuna maji safi, meupe kama ya kunywa, yanayouzunguka ubongo na ugwe pamoja. Kwa mtu mzima maji hayo yote hayazidi sana mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo ya soda. Ugwe unaelea humo kama yai kwenye bakuli, ili ukiruka kamba au ukipita matuta na daladala usigongwe na mfupa.

Hizo tando ndizo zinazovimba mtu akipata homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hata ile homa si ya mifupa, ni ya tando za ubongo na ugwe.

BARABARA YA KWENDA NA YA KURUDI

Ukimkata ng'ombe mgongo na kuutazama ugwe kwa ndani (mchinjaji wako anaweza kukuonyesha), katikati utaona rangi ya kijivu yenye umbo la kipepeo, pembeni utaona weupe. Kipepeo ndiye ofisi, humo zimo chembe zinazopokea na kutoa maagizo. Weupe ni nyaya. Nyingine zinapandisha habari kwenda ubongoni, nyingine zinashusha amri kutoka ubongoni.

Kutoka kwenye ugwe inachomoza mishipa ya fahamu jozi 31, kushoto na kulia, ikipenya katikati ya pingili na kusambaa mwili mzima. Kila mshipa una mizizi miwili. Mzizi wa nyuma unaingiza habari: moto, baridi, kuchomwa, kuguswa. Mzizi wa mbele unatoa amri: kunja, nyoosha, kimbia. Mfaransa François Magendie alilithibitisha hilo mwaka 1822, baada ya Mskoti Charles Bell kuanza kulichokonoa mwaka 1811. Kabla ya hapo watu walijua kwamba mishipa ya fahamu ipo, ila hawakujua kwamba mlango wa kuingilia si ule wa kutokea.

Kasi yake nayo si mchezo. Nyaya zenye mbio kuliko zote zinasafirisha habari mita 120 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Ila zipo nyingine za mwendo wa kobe, mita moja hivi kwa sekunde, na hizo ndizo zinazobeba yale maumivu ya kuwaka na kupwita. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, kwanza unajua kwamba umejigonga, unapata hata muda wa kusema "mama yangu!", halafu ndiyo maumivu yenyewe yanawasili.

Tena ugwe si tarishi tu wa kubeba barua za ubongo. Una akili yake. Ukishika sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujajua kama umeungua. Amri ile haikutoka kichwani, imetoka kwenye ugwe, kwa sababu kusubiri ubongo ungekuwa umeshababuka. Ukikanyaga msumari, mguu uliochomwa unakunjwa na wakati huohuo ule mwingine unakazwa ili usidondoke. Nani kapanga hilo? Ugwe. Na daktari anapokugonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira na mguu unarusha teke, hakutanii. Anaupima ugwe wako kama unaitika.

UKIUMIA GHOROFA HII, UNAPOTEZA HIKI

Hapa nakuomba utulie, maana ndipo penye kasheshe lenyewe.

Chukulia ugwe ni jengo la ghorofa ambalo umeme wake unaanzia juu. Waya ukikatika ghorofa ya tatu, ya nne inawaka kama kawaida, ila kuanzia hapo kwenda chini ni giza. Mtu akiumia ugwe ni hivyohivyo. Kinachopotea ni kila kitu kilicho chini ya pale palipoumia.

Akiumia juu kabisa shingoni, karibu na fuvu, hata pumzi inakata. Mshipa unaoendesha kiwambo cha kupumulia unatoka kwenye ugwe usawa wa shingo, jozi ya tatu, ya nne na ya tano. Akiumia chini kidogo ya hapo, lakini bado shingoni, anapumua ila mikono na miguu inalegea. Akiumia usawa wa kifua, mikono inabaki salama, kiwiliwili cha chini na miguu vinakwenda. Akiumia usawa wa kiuno, ni miguu. Na karibu kila mahali atakapoumia kuna mambo mengine ambayo watu hawayasemi mbele za wageni: kuzuia mkojo, kuzuia haja kubwa, na mambo ya chumbani. Mishipa yake inatoka mwisho kabisa wa ugwe, kwa hiyo ukikatika popote juu yake, nayo inapoteza mawasiliano na ubongo.

Si kila ajali inakata nyaya zote. Nyingine inaumiza baadhi tu, mtu akabaki na hisia kidogo au akachezesha kidole. Huyo ana matumaini makubwa zaidi. Ndiyo maana madaktari wanafurahi ukiwaambia kidole cha mguu kimetikisika, wakati wewe unaona ni kitu kidogo.

USIOGOPE SINDANO YA MGONGONI

Nitoke nje ya njia kidogo, maana hili linaua watu. Mtaani kuna imani kwamba mgonjwa akitolewa maji mgongoni hospitali anapooza au anakufa. Wazazi wanakataa, mtoto anaondolewa wodini, siku mbili mbele ni msiba. Halafu utasikia, "Si unaona, walimchoma mgongo!"

Ukweli ni huu. Ugwe haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, juu kidogo ya pale unapofunga mkanda. Chini ya hapo ni nyuzinyuzi za mishipa zinazoning'inia ndani ya maji, na wataalamu wa zamani walipoziona wakaziita mkia wa farasi. Sindano inaingia chini kabisa ya mwisho wa ugwe, kwa mtoto inashushwa zaidi, na zile nyuzi zinaisogea kama tambi ukiingiza kijiti kwenye bakuli la maji. Kinachotolewa ni maji kidogo ya kupima kama kuna vijidudu. Mtu anaweza kuumwa kichwa siku kadhaa, ila anayeua ni ile homa yenyewe, nayo haisubiri wiki. Kuna inayoondoka na mtu ndani ya saa 24.

Akina dada mnaopigwa ganzi ya mgongoni wakati wa kujifungua kwa upasuaji, hesabu ni hiyohiyo. Sindano inapita pale chini, ugwe uko juu yake.

KWA NINI HAUJIUNGI?

Ukikatwa kisu, ngozi inaota. Ukivunjika mguu, mfupa unaunga. Hata mshipa wa fahamu wa mkononi ukiharibika unaweza kuota tena, polepole mno, kama milimita moja kwa siku. Ugwe wa mgongo haufanyi hivyo. Pale palipokatika panajengeka kovu linaloziba njia, na ule weupe unaozivika nyaya, ambao siku zote ni msaada, unatoa kemikali zinazozikataza nyaya zisiote upya. Wataalamu duniani wanahangaika nalo miaka mingi. Wapo waliowekewa vifaa vya umeme mgongoni wakaweza kupiga hatua kadhaa kwa msaada. Lakini dawa ya kumeza na kuamka umepona mpaka leo hakuna, na anayekuuzia kibuyu cha kuunga ugwe anataka pesa yako tu.

Si jambo la leo. Kuna maandishi ya matibabu ya Wamisri wa kale, ya miaka kama 3,600 iliyopita, yanayomweleza mtu aliyeteguka shingo, asiyeisikia mikono wala miguu, na mkojo unamtoka bila kujua. Mganga wa siku zile aliandika kwamba huo ni ugonjwa usio wa kutibiwa.

Sasa shika hili moja, hata ukisahau yote mengine. Ugwe unaumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale pale kwenye ajali. Mara ya pili ni baada ya hapo, kwa saa na siku zinazofuata, unapovimba na kukosa damu, na pale mfupa uliovunjika unapoendelea kuusaga. Ile ya kwanza imeshapita, huna cha kufanya. Ile ya pili ndiyo iko mikononi mwako wewe uliyefika wa kwanza. Mtu anaweza kuwa na pingili iliyopasuka na ugwe mzima kabisa. Ukimkunja, vipande vya mfupa vinafanya kazi ya mkasi.

Sisi tulimkunja.

HATA SUPAMANI ALIANGUKA

Usidhani haya ni ya watu wa bodaboda peke yao. Wale mliokua mkiangalia sinema za Supamani mnamkumbuka Christopher Reeve, yule aliyekuwa anaruka angani na joho jekundu. Mei 27, 1995, akiwa kwenye mashindano ya farasi huko Virginia, Marekani, farasi alisita ghafla mbele ya kizuizi, yeye akatangulia kichwa. Zikavunjika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Toka siku ile hakuweza kusogeza mkono wala mguu, na kupumua kwake kukawa kwa mashine. Hata hivyo aliongoza filamu, alizunguka kuchangisha pesa za utafiti, na mwaka 2000 aliweza kutikisa kidole. Alifariki Oktoba 10, 2004, akiwa na miaka 52.

Wapenzi wa muziki wa soul wanamjua Curtis Mayfield. Agosti 13, 1990, akiwa jukwaani Brooklyn, New York, upepo uliangusha mtambo wa taa ukampiga, akapooza kuanzia shingoni. Gitaa likawa basi. Lakini mwaka 1996 alitoa albamu nyingine aliyoiimba akiwa amelala chali, mstari mmoja mmoja, ili mapafu yapate nguvu. Alifariki Desemba 26, 1999.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, walioumia ugwe wanaoishi duniani leo ni zaidi ya milioni 15, na wengi waliumia kwa kuanguka, ajali za barabarani au kupigwa. Huku kwetu ongeza minazi na miembe, majukwaa ya mafundi ujenzi, na vijana wanaopiga mbizi kichwa chini kwenye maji ambayo kina chake hawakijui.

UKIMKUTA MTU CHINI, FANYA HIVI

Kwanza, tuliza watu. Mmoja aongoze, wengine wanyamaze. Mwingine aende mbele kuzuia magari yasije yakawagonga nyote.

Pili, usimkalishe, usimsimamishe, usimvute mkono. Mwambie, "Usigeuze shingo, nipo hapa." Piga magoti nyuma ya kichwa chake, kishike kwa viganja viwili pembeni ya masikio, kikae kama kilivyo. Ukikikuta kimepinda na kukinyoosha kunamuumiza au kunakataa, usilazimishe. Kazi hiyo ya kushika kichwa usiiache mpaka mtaalamu aje akupokee.

Tatu, muulize shingo au mgongo unauma? Kuna ganzi? Anaweza kutikisa vidole vya miguu? Kimoja tu kikiwa na walakini, au kama hana fahamu, mhesabu kwamba mgongo umeumia. Ni afadhali ukosee kwa upande huo.

Nne, hakuna soda, hakuna maji, hakuna kumwagia.

Tano, akiwa na helmeti na anapumua vizuri, mwachie. Asipopumua, pumzi ndiyo ya kwanza, mgongo unafuata. Hapo helmeti itoke kwa watu wawili, mmoja kashika shingo. Vivyo hivyo kama gari linawaka au ukuta unataka kuanguka: mwondoe, lakini mvute kwa mstari ulionyooka, mwili mzima kwa pamoja.

Sita, akitapika, mgeuzeni ubavu kama gogo. Mmoja kichwani, watatu ubavuni, hesabuni moja, mbili, tatu, kisha kichwa, mabega na nyonga vigeuke kwa wakati mmoja.

Saba, kama gari la wagonjwa halipatikani, usafiri uwe wa kumlaza. Benchi la kijiweni, mlango, ubao mpana, chochote kilichonyooka. Mgeuzeni kama gogo, ubao uingie chini, mrudisheni juu yake. Kunja mashati mawili, weka kila upande wa kichwa, mfunge na kanga kwenye paji la uso, kifua na miguu asiteleze. Kirikuu au pikapu ya wazi ni bora mara mia kuliko bajaji. Na dereva aambiwe taratibu, asijione yuko mbio za magari.

Nane, ukifika hospitali sema wazi, "Huyu tunahofia mgongo." Wasipoambiwa wanaweza nao kumnyanyua kama mlivyofanya ninyi.

Na mgongo ulioumia usipelekwe kwa fundi wa kukanda. Akukande msuli ukitoka kubeba zege, hapo sawa. Pingili iliyovunjika haikandwi.

MAISHA BAADA YA HAPO

Zamani aliyeumia ugwe alihesabiwa marehemu mtarajiwa. Wengi hawakuuawa na ugwe, waliuawa na vidonda vya kulalia na figo zilizoharibika kwa mkojo. Mtu asiyesikia nyama zake hajui kama amelalia upande mmoja kutwa nzima, na nyama inaoza. Christopher Reeve na uwezo wake wote, alipofariki alikuwa anatibiwa maambukizi ya kidonda cha aina hiyo.

Aliyegeuza meza ni daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, aliyefungua wodi ya majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwezi Februari 1944. Amri yake ilikuwa nyepesi: mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, mkojo uangaliwe kwa usafi, na mtu apewe kazi na michezo badala ya kulala anasubiri kifo. Julai 29, 1948, siku michezo ya Olimpiki inafunguliwa London, aliwapanga wagonjwa 16 kwenye viti vya magurudumu wakashindana kulenga mishale. Kwenye mbegu ile ndipo ilipoota Paralimpiki, na ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960.

Kwa hiyo kama una ndugu nyumbani, saa mbili hizo ndizo dawa yake. Mgeuze. Akikaa kwenye kiti ajinyanyue mara kwa mara. Kagua ngozi ya makalio, visigino na kiuno kila siku, ukiona wekundu usioondoka, usilale. Mpira wa mkojo ushikwe na mikono iliyonawa. Na shemeji zangu, msikimbie mapema. Mapenzi hayafi mgongoni, yanabadilika namna tu, na wapo walioumia na baadaye wakapata watoto.

Mshikaji wetu anaendelea. Tulimchongea njia ya zege ya kuingilia chumbani kwake, na siku hizi anatengeneza simu palepale kijiweni, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Utani haujaisha. Juzi alinipigia kelele mbele za watu, "We mbeba miguu, njoo ulipe deni lako la chaja!" Watu walicheka. Nami nikacheka, kisha nikaangalia pembeni.

Siku moja nilijikaza nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, akapuliza vumbi kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Mlikuwa mnanisaidia," akasema. "Ila waandikie wenzako wajue."

Ndiyo hayo nimeandika. Lile benchi refu la kijiweni, msomaji wangu, sasa lina kanga tatu zimefungwa chini yake, na kila mmoja pale anajua nani atashika kichwa. Angalia na kijiwe chako kina nini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.